Kuchunguza Mabadiliko ya Siasa Kuanzia Mtaani: Mwongozo wa Kianthropolojia kwa Mtafiti wa Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo, mwandishi wa habari au mkazi yeyote wa Dar es Salaam anayetaka kuelewa namna siasa za mahali anapoishi zinavyobadilika, na ambaye amechoka kuambiwa kwamba kila jambo limeletwa na utandawazi. Neno hilo limekuwa kama upepo: kila jani likitikisika, sababu ni lenyewe. Anthropolojia haikubali jibu la namna hiyo. Inadai kwamba kama nguvu za mbali zimefika Manzese au Mbagala, basi zimepitia mikononi mwa mtu fulani, katika karatasi fulani, kwa neno fulani, na mtafiti mwenye subira anaweza kukaa hapo hapo mpaka azione.

Hatua ya 1: Lipunguze swali mpaka lionekane kwa macho

Swali kama "Utandawazi umeathiri vipi demokrasia ya Tanzania?" halichunguziki, kwa kuwa hakuna mahali pa kwenda kusimama ili uanze kulijibu. Jiulize badala yake ni wapi, saa ngapi na mbele ya nani ambapo mamlaka hugusa maisha ya mtu unayeweza kumfikia. Swali likiwa "Mwenye meza ya mitumba sokoni Karume humwendea nani mgambo wanapomchukulia bidhaa, na miaka kumi iliyopita angemwendea nani?", tayari una mahali, watu, tendo na muda wa kulinganisha. Muda huo usisahaulike. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kueleza hali ya leo kwa ufasaha mkubwa, kisha kuiita mabadiliko.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Katika mtaa mmoja wa Temeke nilifika na dodoso lenye maswali 42, nikaketi na mzee mmoja barazani kwake na kuanza kumsomea. Tulipofika swali la sita aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ni wa sensa au wa mkopo?" Watu waliowahi kumwuliza idadi ya vyumba na kipato chake walikuwa wa aina hizo mbili tu, na majibu aliyokuwa akinipa yalikuwa yale yale aliyozoea kuwapa wao. Dodoso nikalirudisha mkobani. Kwa wiki tatu zilizofuata nilikwenda barazani hapo kucheza bao na kufungwa, na katika mazungumzo ya kando ya bao ndipo niliposikia habari za mgogoro wa kiwanja cha wazi cha mtaa, ambao dodoso langu halikuwa na swali hata moja juu yake.

Hatua ya 2: Ufahamu mzigo wa taaluma unayoitumia

Anthropolojia ilikomaa wakati wa ukoloni na ilifanya kazi chini ya kivuli chake, na jambo hilo halifichwi. Archie Mafeje, msomi wa Afrika Kusini aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, alichapisha mwaka 1971 makala ya kukosoa itikadi ya ukabila, akionyesha jinsi neno "kabila" linavyoweza kufunika masuala ya uchumi na matabaka. Chukua funzo la kivitendo kutoka kwake: katika mji wa watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, kabila lisiwe maelezo yako ya kwanza ya kura, ugomvi au urafiki wa kisiasa. Lichunguze pale tu watu wenyewe wanapolitaja, na uandike wanalitaja kwa ajili gani.

Hatua ya 3: Tafuta kibali, kisha jifunze kusalimia

Mwanafunzi wa chuo cha ndani kwa kawaida huanza na barua ya chuo inayopelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani na katika manispaa au jiji, kisha kwa mtendaji wa kata na hatimaye ofisi ya serikali ya mtaa. Mtafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Usiione safari hii kuwa kero ya kabla ya utafiti, kwa kuwa ndiyo siku yako ya kwanza uwandani: andika ulisubiri muda gani, nani aliisoma barua na nani aliipiga muhuri bila kuisoma, na kila ofisi ilitaka kujua nini juu yako.

Ukishafika mtaani, barua haitakusaidia kama hujui kuamkia. Mtafiti anayeingia uani akaanza na jina la chuo chake kabla ya "Shikamoo mama" amekwisha kujiweka upande wa maofisa, na mazungumzo yote yatakayofuata yatakuwa ya kiofisi.

Hatua ya 4: Kaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa

Kama una mwezi mmoja tu, utumie hapa. Ofisi ya serikali ya mtaa mara nyingi ni chumba kimoja au viwili, chenye meza, kidau cha wino, muhuri, picha ya Rais ukutani na benchi nje. Omba ruhusa ya kukaa kwenye benchi hilo asubuhi, na uandike nani amekuja, ametumwa na nani, anataka karatasi gani na ameondoka na nini.

Utagundua mapema kwamba wengi wamefuata barua ya utambulisho, na kwamba baadhi yao wamepitia kwanza kwa mjumbe wa nyumba kumi. Hapo kuna historia nzima ya siasa za nchi. Mfumo wa nyumba kumi uliwekwa na TANU katika miaka ya 1960, wakati chama na serikali vilikuwa vikikaribiana kuwa kitu kimoja. Vyama vingi viliporudishwa kisheria mwaka 1992, mjumbe alibaki kuwa wa chama, na mtaa ukawa na mwenyekiti wake anayechaguliwa kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho ikiwa tarehe 27 Novemba 2024. Kwa maandishi, basi, mjumbe si ngazi ya serikali. Hata hivyo mama mwenye mgogoro na mpangaji wake bado huenda kwa mjumbe kwanza, na si lazima awe mwanachama. Usikimbilie kusema kwamba watu hawajaelewa sheria. Uliza ni kazi gani mjumbe anaifanya ambayo mwenyekiti haifanyi. Aghalabu utajibiwa kwamba mjumbe anaijua nyumba, anajua nani ni mgeni na nani ni mwana wa hapa.

Sasa iangalie barua yenyewe. Kijana aliyekuja kuifuata ametumwa na benki, ambayo haiwezi kumfungulia akaunti bila kuthibitisha anaishi wapi. Masharti ya benki kumjua mteja yana mizizi katika viwango vya kimataifa vya kupambana na utakatishaji wa fedha, vinavyosimamiwa na FATF, chombo chenye makao yake Paris, ambacho kiliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu mnamo Oktoba 2022 na kuiondoa Juni 2025. Mwenyekiti wa mtaa pengine hajawahi kukisikia chombo hicho. Lakini muhuri wake umepata uzito mpya kwa sababu yake, kwani asiyeelewana na mwenyekiti anaweza kukwama njiani kuelekea benki, na anayeelewana naye hupita. Hayo ndiyo mabadiliko ya siasa katika dunia ya utandawazi ninayotaka uyatafute: amri ya mbali inafika na kumwongezea mtu wa karibu kipande cha mamlaka ambacho hakuna aliyekusudia kumpa. Viongozi wa mtaa wakigombea uchaguzi ujao, swali la nani anauchelewesha muhuri litakuwa swali la kampeni, na wewe utakuwa unajua limetoka wapi.

Hatua ya 5: Weka daftari la maneno

Tenga daftari la pili kwa ajili ya maneno peke yake. Kila ukurasa uwe wa neno moja la siasa, na chini yake uandike nani amelitamka, mbele ya nani, siku gani, na kwa sauti ya heshima au ya kejeli. Kiswahili cha Dar es Salaam kina hazina kubwa hapa kuliko takwimu nyingi.

Anza na namna ya kuitana. Zama za Ujamaa kiongozi na mwananchi wote walikuwa "ndugu". Leo mbunge na diwani ni "mheshimiwa", na "ndugu" limebaki zaidi katika vikao vya chama na barua rasmi. Waulize wazee ni lini waliona neno limehama, na ni katika tukio gani walijikuta wanaona aibu kumwita kiongozi ndugu.

Halafu mfuate mtu mmoja anayeuza bidhaa barabarani, uone ameitwa nini kwa miaka 40. Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi na sheria ya Nguvu Kazi, mtu asiye na kazi rasmi mjini aliweza kuitwa mzururaji na kupelekwa kijijini. Baada ya biashara kufunguliwa, kwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 na mengine yaliyofuata, mtu yule yule akawa machinga. Desemba 2018 serikali ilianza kumpa kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kwa shilingi 20,000. Oktoba 2021 alitakiwa kuondoka kando ya barabara na kwenda maeneo aliyotengewa, na neno la kiofisi likawa kwamba machinga "wanapangwa". Waliokuwa na vibanda husema "tulivunjiwa". Mzururaji, machinga, mjasiriamali, aliyepangwa, aliyevunjiwa: mwili ni mmoja na meza ni moja, lakini kila jina lina haki zake, hofu zake na mtu wake wa kulalamikiwa. Mjasiriamali ana kadi anayoweza kumwonyesha mgambo. Mzururaji hakuwa na la kuonyesha. Tofauti hiyo ni ya kisiasa.

Maneno mengine yanayostahili ukurasa ni "wadau", ambalo limeingia mikutanoni pamoja na lugha ya miradi ya wafadhili na mara nyingi huchukua nafasi ya "wananchi". "Takrima", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ambayo sheria ya uchaguzi iliiruhusu mwaka 2000 na Mahakama Kuu ikaibatilisha mwaka 2006, ingawa maana yake vijiweni haijafutwa na hukumu yoyote. Na "chawa", jina la dhihaka kwa anayeishi kwa kumsifu kiongozi. Hilo la mwisho liandike kwa uangalifu, kwa kuwa wapo wanaojiita chawa kwa kujivuna, na kejeli inayogeuzwa kuwa cheo ni jambo ambalo mwanaanthropolojia hapaswi kulipita.

Hatua ya 6: Chagua tukio moja na ulichambue mpaka mwisho

Januari 1938 mwanaanthropolojia Max Gluckman alihudhuria ufunguzi wa daraja katika nchi ya Wazulu, Afrika Kusini, akaandika nani alikuja, alisimama wapi, alizungumza na nani na alikula na nani. Kutokana na siku hiyo moja alieleza namna watu weupe na Wazulu walivyotengana na wakati huo huo wakategemeana chini ya utawala mmoja. Baadaye J. Clyde Mitchell, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 1956, alifanya hivyo kwa ngoma ya kalela ya miji ya migodi ya shaba ya Zambia ya leo, ambamo vijana walicheza wamevaa nadhifu, wakiwa na "daktari" na "nesi" wao. Sisi wa pwani tusishangae: vikundi hasimu vya Marini na Arinoti vya ngoma ya beni vilikuwa vimekwisha kushindana kwa sare, vyeo na matarumbeta ya kijeshi miaka mingi kabla.

Tafuta daraja lako. Uzinduzi wa kisima, wa zahanati au wa barabara ya lami ya mita mia chache unatosha. Fika kabla ya turubai kufungwa. Chora mahali viti vya plastiki vilipo na viti vyenye vitambaa vilipo. Hesabu chupa za maji mezani kwa wageni. Andika ni nembo za nani zimo kwenye bango, na ya mfadhili wa nje iko juu au chini ya ile ya halmashauri. Sikiliza nani anashukuriwa na kwa mpangilio gani. Angalia kikundi cha ngoma kimelipwa na nani, na watoto wa shule wamesimama juani kwa muda gani. Ukimaliza, baki. Nusu saa baada ya msafara kuondoka, watu wanapokusanya viti, ndiyo nusu saa yenye maneno ya kweli kuliko hotuba zote.

Hatua ya 7: Kifuate kitu kinakokwenda

Mwanaanthropolojia George Marcus alipendekeza mwaka 1995 kwamba mtafiti asiishie mahali pamoja, bali afuate watu, vitu, hadithi au migogoro inakoelekea. Kwa mtafiti asiye na nauli ya ndege hili linaonekana kama mzaha, lakini bandari iko hapa, na dunia inashushwa hapa kila siku.

Mfano ninaoupenda ni robota la mitumba. Kaa na mfanyabiashara wa Karume alfajiri anapokata kamba za robota alilonunua bila kuliona ndani. Mikono yake inakwenda haraka: shati la kwanza huku, la pili kule, lenye doa kwa bei ya kutupa. Ndani ya dakika 15 anajua kama mwezi huu atalipa kodi ya nyumba. Kisha muulize kuhusu mwaka 2016, wakati viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya ndani. Wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani walilalamika kwa serikali yao, na nchi za Jumuiya zikaonywa kwamba zinaweza kupoteza nafuu ya kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nafuu yake kwa upande wa nguo ikasitishwa. Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma. Uamuzi uliohusu meza ya Karume ulipitia Arusha na Washington, na mwenye meza hakuulizwa kokote. Je, anajua? Kama anajua, alijua kupitia nani? Na anamwona nani kuwa mtetezi wake: serikali yake, au mfanyabiashara wa Marekani ambaye hajawahi kumwona?

Bandari yenyewe inaweza kufuatwa vivyo hivyo. Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, na Agosti mwaka huo maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa tamko la kuyapinga lililosomwa makanisani. Usianze kwa kupima nani alikuwa sahihi. Fuata neno "bandari yetu" kutoka kwa kuli hadi kwa wakala wa forodha hadi kwa mama lishe wa nje ya geti, uone "yetu" inabeba nani kila mara. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na tena 1947, kwa hiyo siasa za geti hilo ni za zamani kuliko vyama vyote vilivyopo leo.

Hatua ya 8: Usitegemee simu peke yake

Makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya kikoba na ya kijiwe cha bodaboda ni uwanja halali wa utafiti, mradi wanakikundi wajue uko humo na kwa nini. Yana ubaya wa kukufanya uone wanaoandika na usiwaone wanaosoma kimya. Zaidi ya hapo, intaneti ilipofungwa Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, aliyeujenga utafiti wake wote humo alibaki hana uwanja, ilhali benchi la ofisi na kijiwe cha kahawa vilikuwa pale pale. Kijiwe cha bodaboda kichunguze kwa miguu. Kina mwenyekiti, katibu, kiingilio na faini, na kama alivyoonyesha mwanaanthropolojia Sally Falk Moore aliyefanya utafiti Kilimanjaro, sheria kutoka juu huingia katika vikundi vyenye kanuni zao tayari, nazo ndizo huamua sheria hiyo itafanya kazi gani.

Hatua ya 9: Walinde waliokuamini

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana kisheria, lakini wajibu wako unakwenda mbali zaidi. Majina ya kweli yasiingie katika daftari la uwandani hata siku moja. Tumia majina ya bandia tangu ukurasa wa kwanza, na orodha ya kuyafungua iwe mahali pengine. Kubadili jina peke yake hakutoshi. Ukiandika "mwenyekiti mwanamke, mwalimu mstaafu, wa mtaa wenye kisima kipya", mtaa mzima umemjua. Badilisha kazi, au kisima, au uache kusema. Mtu akikuambia jambo kisha siku ya pili akasema "lile la jana liache", liache, hata kama ndilo lililokuwa moyo wa sura yako. Na ridhaa usiiombe mara moja tu kwa karatasi ya kusaini, maana karatasi yenye saini huwatisha watu waliowahi kutapeliwa viwanja. Iombe kwa mdomo, na uirudie kila mazungumzo yanapogeuka kuwa mazito.

Hatua ya 10: Andika, kisha rudi ukasome

Andika kila usiku, kabla ya kulala, hata kama ni kwa sentensi mbovu. Kumbukumbu ya siku mbili huwa imekwisha kupangwa na akili yako ili ikubaliane na nadharia yako. Unapofikia rasimu, tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na unachokifikiri, na msomaji aweze kujua yuko katika kipi.

Rasimu ikiwa tayari, ipeleke kwa Kiswahili kwa watu uliokaa nao, na uwasomee kwa sauti vipande vinavyowahusu. Nilipofanya hivyo kwa wauzaji wawili waliokuwa wamekaa meza jirani kwa miaka tisa, nilikuwa nimeandika kwamba mwaka 2021 "waliondolewa" barabarani. Mmoja akasema niandike "tulipangwa", kwa kuwa sasa ana kizimba na hataki maneno yatakayomkosanisha na uongozi wa soko. Jirani yake akamkatiza: "Wewe ulipangwa. Mimi nilivunjiwa." Nilifuta neno langu, nikaandika yote mawili, na mbele ya kila moja nikaandika kizimba cha aliyelisema kiko umbali gani kutoka geti wanakoingilia wateja.